Lugha ya alama shuleni: mtafute fundi kwanza

Nilianza vibaya. Nilipakua video mtandaoni, nikabandika herufi za vidole ukutani, na baada ya wiki tatu darasa langu la nne lilikuwa likitamba kuandika majina hewani. Siku hiyo alikuja fundi cherehani kupima sare. Ni kiziwi. Watoto wakamzunguka na alama zao, akatazama, akacheka, akaniandikia kwenye karatasi ya vipimo: "Hizi za Marekani."

Basi, mwalimu mwenzangu, anza na mtu kiziwi, kama nilivyomwomba fundi huyo aje kufundisha, video baadaye. Ulizia tawi la CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mkoani kwako. Wenzetu wa Kenya wana kazi nyepesi kumshawishi mwalimu mkuu, maana Katiba yao ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Sisi tunabembeleza.

Malipo yajulikane mapema. Soda na "asante sana" si malipo: fundi akifunga cherehani saa nzima, wateja wanahamia kwa jirani.

Mkalimani aje siku ya kupanga tu. Akiingia kipindini, macho yote yanamwendea yeye. Na wewe kaa na watoto, ukosee mbele yao. Hapa ndipo nilipopata shida. Nilikuwa natafsiri kila alama kwa mdomo, mpaka fundi akaninyooshea kidole kiti cha nyuma. Nikaenda.

Viti vipangwe nusu duara, na anayefundisha asiligeuzie dirisha mgongo. Uso ukiwa gizani nusu ya sentensi imepotea, kwa kuwa hata nyusi zinauliza swali. Kumwita, mguse bega au punga mkono. Neno "bubu" likome siku ya kwanza. Yeye anajiita kiziwi.

Mada achague mwenyewe. Mimi nilitaka rangi na wanyama. Yeye alianza na bei gani, ghali, punguza, na wiki ya pili tukahamia kibandani kwake, kila mtoto aagize vifungo kwa alama. Aliyeomba vinne akapewa vinane alirudi foleni, akarekebisha mkono wake.

Jina la alama usijitungie. Wanaokupa ni viziwi, wakishakuzoea. Langu lilikuja mwezi wa tatu: kidole kinachosukuma miwani juu ya pua.