SOMO: Kubadili oili ya haidroliki kwenye trekta la kijiko la zamani bila kuua pampu

Mbukwenyi wadau. Naandika hili ili mtu akiniuliza tena "kijiko changu kinapanda kwa kusuasua, niongeze oili gani?" nimwelekeze hapa na kuendelea na chai yangu. Swali hili nimelijibu gereji, kwenye simu, na hata msibani.

Nazungumzia matrekta ya viwandani ya miaka ya 1970 na 1980, yenye kijiko mbele na mengine mkono wa kuchimbia nyuma. La kwangu ni Massey Ferguson yenye injini ya Perkins. Mwenye Ford au Case afuate kanuni hizi hizi, ila ujazo na mahali pa plagi ya kumwagia oili aangalie kwenye kitabu cha trekta lake.

Oili ya haidroliki ndiyo ile inayosukumwa na pampu kwenda kwenye silenda ili kijiko kinyanyuke. Kabla ya kushika spana, elewa jambo moja. Matrekta haya hayafi kwa kukosa oili mpya. Yanakufa kwa vumbi, maji na upepo ulioingia ndani ya mfumo. Vumbi Dodoma tunalo la bure tangu mvua ikatike mpaka Desemba, na wengi wetu tunalimimina wenyewe kwenye tangi siku ile ile tunayojisifu kwamba tumefanya sevisi.

1. Piga kazi kidogo oili ipate joto, egesha mahali tambarare, shusha kijiko chini, zima. Injini ikiwa imezimwa, sukuma leva zote pande zote ili presha iliyobaki itoke. Matairi yawekewe mawe.

2. Osha kuzunguka kifuniko cha tangi, filta na plagi kwa dizeli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie pamba za gereji, unyuzi mmoja ukikwama kwenye valvu utatafuta ugonjwa wiki nzima. Usifungue chochote kabla hapajawa safi.

3. Mwaga oili kwenye beseni safi, uitazame. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake mfumo unachemka. Nyeupe kama maziwa ni maji au povu. Ikimetameta chembe za chuma, acha kufikiria oili, fikiria pampu.

4. Badili filta. Toa na chujio la waya lililo ndani ya tangi kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea (bomba linalotoa oili tangini kwenda kwenye pampu), lioshe kwa dizeli. Wengi hawajui kama lipo. Safisha pia tundu la kupumulia la tangi: likizibwa na vumbi, oili inaposhuka tangi linavuta hewa lisiipate, na pampu inaanza kulia.

5. Kuchagua oili. Kama tangi la kijiko linajitegemea, oili ya haidroliki ya ISO VG 46 au 68 yenye kinga ya kulika kwa vyuma inatosha. Namba hiyo ni uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 40, kwa hiyo 68 ni nzito kuliko 46. Kwa jua letu la Oktoba na Novemba, na pampu iliyokwishachoka, mimi huweka 68. Lakini kama haidroliki inashirikiana oili na giaboksi, difu na breki za ndani ya oili, hiyo ni habari nyingine. Hapo unatafuta oili ya trekta ya matumizi yote, ambayo madukani utaona imeandikwa UTTO. Ukiweka haidroliki tupu kwenye breki za namna hiyo zitapiga kelele na kushika vibaya. Kabla ya kununua, fuatilia mpira wa kunyonyea wa pampu uone umetokea wapi.

6. Jaza kupitia faneli yenye wavu mwembamba. Ndoo iliyochotea mchanga jana haitakuwa safi leo hata ukiipangusa.

7. Kuwasha. Hapa someni polepole, maana nimeilipia pampu nzima.

Ukimwaga tangi na kufungua filta, mpira wa kunyonyea unabaki na upepo mtupu. Pampu ya gia inalainishwa na oili ile ile inayoisukuma, haina ulainisho mwingine. Ukipiga stata na kukanyaga mafuta, gia zinasaga nyumba yake zikiwa kavu, na sekunde chache zinatosha kuichana. Kisha chembe zile zinasafiri mpaka kwenye valvu na silenda, na oili uliyoimwaga leo itabidi uimwage tena kesho pamoja na hela ya pampu. Trekta litawaka vizuri tu siku hiyo. Utaona madhara baadaye, kijiko kikianza kukataa mzigo oili ikipata moto.

Kwa hiyo: legeza mpira wa kunyonyea upande wa pampu, mimina oili mpya taratibu mpaka ujae, kisha kaza. Kama filta yako ni ya kopo linalosimama wima, ijaze kabla ya kuifunga. Halafu vuta kamba ya kuzimia injini iwe kwenye kuzima, upige stata bila kuiwasha kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, upumzike dakika moja, urudie mara moja au mbili. Stata ikichemka, iache ipoe. Hapo sasa rudisha kamba na uwashe kwa mwendo wa sailensa, yaani injini ingurume chini bila kukanyaga mafuta. Mkono usiguse leva.

Sikiliza. Kilio chembamba kwa sekunde chache si ajabu. Kikiendelea zaidi ya hapo, ZIMA, usiseme "kitazoea". Kikitulia, nyanyua kijiko kitupu taratibu, kishushe, kikunje, kikunjue, bila kufika mwisho wa silenda na bila kuongeza mafuta. Unatoa upepo, hujaanza kazi. Zima tena, uache povu lipande juu lipotee.

8. Pima oili kijiko kikiwa chini na silenda zimerudi kama kitabu kinavyoelekeza. Ukipima kijiko kikiwa hewani kijiti cha kupimia kitakudanganya kwamba oili imepungua. Utaongeza, na ukishusha itamwagika juu ya kifuniko.

9. Kagua mipira na viungo, ongeza kilichopungua, rudi kazini.

Vimiminika vingine kwa kifupi. Injini, 15W-40 inatosha. Majimaji ya breki yenye tangi lake dogo usiyakisie: baadhi ya matrekta ya zamani hutumia oili ya madini na mengine hutumia majimaji ya breki yenye alama ya DOT, na ukichanganya, mipira ya ndani huvimba na breki zinakwama. Rejeta msiijazie maji ya kisima chenye chumvi na chokaa, ukoko utaziba njia. Kingeni maji ya mvua.

MASWALI

Kokoto Nala: Mkuu somo zuri. Naweza kuweka oili ya injini SAE 40 kwenye haidroliki? Ninayo dumu zima.

Jibu: Soma namba 5. SAE 40 kwenye nyuzi 40 ina uzito unaozidi mara mbili wa VG 68. Asubuhi za Julai pampu itashindwa kuinyonya. Hilo dumu liweke kwenye injini inayotaka SAE 40.

Kokoto Nala: Lakini jamaa yangu anaweka na anapiga kazi.

Jibu: Basi muulize yeye.

Mama Mchanga Ihumwa: Shikamoo fundi. Mimi si fundi, trekta aliliacha marehemu mume wangu na nina dereva. Mvua zilipoanza oili ikawa nyeupe. Dereva anasema ni upepo, fundi anasema ni maji. Nitajuaje nani mkweli kabla sijatoa hela?

Jibu: Marahaba dada, na pole. Swali lako ni zuri kuliko yote humu. Chota oili kwenye chupa ya glasi, iache imetulia saa moja au mbili. Ikirudi kung'aa, ni upepo na dereva yuko sahihi. Ikibaki nyeupe, au ukiona maji yamekaa chini, fundi ndiye mkweli. Kipimo kingine: pasha kikaango kikavu, si cha kupikia tena, dondoshea tone moja huku uso uko mbali. Ikichachatika, kuna maji.

Ni maji? Tafuta yalipoingilia kwanza: kifuniko cha tangi kilichopasuka mpira, au, kama oili inashirikiana na giaboksi, ule mpira unaofunika shina la gia. Ukichanika, mvua inashuka moja kwa moja. Ni upepo? Mwambie dereva apake grisi nzito kwenye viungo vya mpira wa kunyonyea, mmoja mmoja, injini ikiwa sailensa. Kiungo ambacho ukikipaka kilio kinabadilika, ndicho kinachovuta hewa. Mara nyingi ni klipu tu ya kukaza.

Mama Mchanga Ihumwa: Nashukuru sana. Ule mpira wa gia umefungwa kwa nailoni.

Jibu: Basi tumempata. Badilisha mpira, mwaga oili yote, usikubali kuambiwa maji yatakauka yenyewe.

Dereva Veyula: Fundi aliniongezea presha kwa kukaza ile skrubu ya valvu, sasa kijiko kina nguvu lakini mipira inapasuka. Tatizo mipira ya Kariakoo?

Jibu: Tatizo si mipira. Hiyo valvu ya kuachia presha ndiyo inayolinda kila kitu. Matrekta mengi ya umri huu yamewekwa kati ya PSI (kipimo cha presha) 2,000 na 2,500, na haikazwi bila geji. Irudishe kwa geji kwa namba ya kitabu. Ukinunua mpira wa presha, uliza wenye tabaka mbili za waya, umeandikwa R2 ubavuni. Wa kunyonyea ni mwingine, una waya wa kuzunguka ndani ili usijikunje ukivutwa.

Dereva Veyula: Kuna mmoja unavuja kidogo, nimepitisha kidole sioni tundu.

Jibu: Usirudie. Usirudie kabisa. Oili ya presha hiyo ikitoka kwenye tundu la sindano inapenya ngozi bila maumivu makubwa, halafu mkono unaoza kwa ndani. Tumia kipande cha boksi, ukiwa mbali na umevaa miwani. Ikimpenya mtu, aende hospitali saa hiyo hiyo na aseme ni oili ya presha, hata kama anaona ni kitone tu. Hicho si kidonda cha kusubiri kesho.

Fundi Mwanafunzi Kizota: Mzee, kijiko nikikiacha juu kinashuka polepole. Natofautishaje sili za silenda na valvu?

Jibu: Safi, mwanangu. Kwanza usikiache juu, lakini jaribio ni hili kwa silenda za kukunja kijiko. Shusha mikono ya trekta inayobeba kijiko, kijiko ukilaze juu ya gogo, kikunje mpaka silenda zifike mwisho. Zima, toa presha. Fungua mpira wa upande ambao haukuwa unasukumwa, uuzibe kwa plagi, weka beseni chini ya tundu la silenda. Washa sailensa, vuta leva upande ule ule wa kukunja. Oili ikitoka mfululizo, sili za pistoni zimekwisha. Matone machache kisha pakauke, silenda ni nzima na valvu ndiyo mtuhumiwa. Fanya moja moja. Silenda za mikono ya kunyanyua usizijaribu hivyo bila nguzo za chuma chini yake, na usiingie chini hata kwa dakika moja.

Ukibadili sili, pitisha ukucha kwenye fimbo ya silenda. Ukikwaruza mahali, sili mpya itakatika hapo hapo.

Tingo Mstaafu Bahi: Oili chafu mnaipeleka wapi? Mimi napaka nguzo za uzio, mchwa hawasogei.

Jibu: Wengi hufanya hivyo. Vaa glavu, usipake karibu na kisima wala bustani, na zizi la mbuzi liache kabisa. Kumwaga korongoni ndiyo dhambi kubwa, mvua ikija inashuka kwenye maji ya watu.

Kokoto Nala: Samahani mkuu, nimeisoma sasa namba 5. Mpira wa kunyonyea kwangu unatoka kwenye giaboksi.

Jibu: Basi unatafuta UTTO. Na kabla hujamwaga, pima ujazo wa ile ya zamani kwenye madumu, usije ukaishiwa katikati ya kujaza.