Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka Dodoma kwa Pikipiki Kuelekea Nchi Jirani

Anayekusudia kuondoka Dodoma kwa pikipiki ili aione Afrika pamoja na yale iliyotendewa na wakoloni, na si mandhari peke yake, ana maandalizi ya aina mbili mbele yake. Maandalizi ya chombo yanafahamika na yana mafundi wake. Yanayosahaulika ni maandalizi ya kuielewa njia, nayo kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kutengewa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kuchora ramani yako, fahamu waliochora ya kwanza. Barabara inayotoka Iringa, ikavuka Mtera, ikapita Dodoma na kuendelea Kondoa, Babati na Arusha, ilikuwa sehemu ya njia ambayo Waingereza waliitamani iunganishe makoloni yao kutoka Cape Town hadi Cairo. Reli ya Kati ni kazi ya Wajerumani, walioianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, wakifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyokuwa ikipita Ugogo, nchi ya Wagogo, muda mrefu kabla yao. Ukiyajua haya utatambua kwa nini baadhi ya miji iko ilipo, na kwa nini vijiji vingine viliachwa kando.

Panga siku za kusimama, si siku za kuendesha tu. Kongwa, ambako ni mwendo mfupi kutoka Dodoma, inastahili siku nzima. Hapo ndipo Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta na wataalamu wengi, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, kwa sababu mvua ni haba na udongo wa huko hukauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazichimbuki. Wenyeji waliokuwa wakilima na kufuga katika ardhi hiyo waliijua tabia yake, lakini maarifa yao hayakupewa uzito. Kongwa hiyohiyo, kuanzia mwaka 1964, iliwapokea wapigania uhuru wa vyama vya kusini mwa Afrika, vikiwemo FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia, na baadhi yao wamezikwa huko. Sijui mahali pengine katika kanda hii ambapo kiburi cha dola ya kikoloni na ukarimu wa taifa jipya vimekaa karibu kiasi hicho.

Ukiweza, anza kwa kwenda kusini hadi Kalenga, karibu na mji wa Iringa, kabla ya kuelekea mpakani. Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikavunjwa mwaka 1894, naye akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu lilifika nyumbani mwaka 1954. Liko katika makumbusho ya Kalenga. Nenda bila haraka, na uulize kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa.

Habari nyingine hazina jengo wala kibao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo, kisha ukame ukafuata, na njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, inayojulikana kama Mtunya, ikaua watu wengi na kuwatawanya wengine. Anayetaka kuisikia sharti awafuate wazee vijijini. Pita kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji ujitambulishe, wasalimie wenyeji wako kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kaa unapoelekezwa, na usitoe kinasa sauti kabla ya kupewa ruhusa. Mzee akikuambia urudi kesho, ratiba yako iwe na nafasi ya kesho hiyo.

Kuhusu majira, Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na nje ya lami udongo mweusi wa mbugani huganda magurudumuni hadi pikipiki isisogee. Miezi ya Juni hadi Oktoba inafaa zaidi, ingawa upepo wa pembeni katika nyanda hizi huyumbisha chombo chenye mzigo mrefu. Badilisha oili, kagua cheni, sproketi na breki, kisha beba tyubu ya akiba, viraka, pampu, plagi na waya wa klachi. Vaa kofia ngumu iliyo kamili, na jaza mafuta kila upatapo kituo badala ya kusubiri tangi likaribie kuisha.

Nyaraka zinahitaji uangalifu zaidi. Kadi ya pikipiki ikiwa na jina la mtu mwingine, pata barua ya idhini yake mapema. Bima ya kawaida ya ndani haitoshi nje ya nchi. Omba kampuni yako ya bima ikupe kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya chombo inayotambuliwa nje ya nchi, na usiichanganye na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho ubebe.

Ukipitia Manyoni, Singida, Nzega na Kahama hadi daraja la mpakani la Rusumo, utaingia Rwanda, nchi iliyokuwa pamoja nasi chini ya Wajerumani hadi Wabelgiji walipoitwaa mwaka 1916. Kwa sababu hiyo upande wa barabara hubadilika darajani: sisi tulibaki na kushoto kwa Waingereza, wao huendesha kulia. Fika hapo asubuhi ukiwa umelala vya kutosha, vuka polepole nyuma ya gari jingine, na uwe mwangalifu zaidi kila unapokata kona au kutoka kituo cha mafuta, kwani hapo ndipo mazoea ya kushoto hurudi bila mtu kujijua.