Umeme wa Friji ya Karavani kwa Safari za Dodoma na Kanda ya Kati

Friji ya karavani haisumbui gari likiwa linatembea; husumbua gari likishazimwa. Mtu anayetoka Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera husafiri takriban kilomita 260, na muda wote huo altaneta ya gari huzalisha umeme wa kutosha friji, taa na redio bila shida. Kazi huanza jioni, anapoegesha karibu na bwawa, akazima injini na kulala, huku friji yenye samaki alionunua kwa wavuvi ikiendelea kula betri hadi alfajiri. Kwa hiyo mpango wa umeme wa friji ya safari upimwe kwa saa ambazo gari limesimama, na hesabu zote zilizomo humu zinafuata msingi huo.

Kwanza ni lazima kujua aina ya friji uliyo nayo. Ya kompresa hufanya kazi kama friji ya nyumbani, ila kwa umeme wa betri wa volti 12 au 24. Ya gesi haina kompresa. Hutumia joto la mwali, au la waya wa kupashia moto, kuzungusha amonia ndani ya mabomba yake. Aina ya tatu ni yale masanduku mepesi ya bei nafuu yenye feni, ambayo hushusha joto kwa takriban nyuzi 20 tu chini ya hewa iliyoyazunguka. Hiyo ya tatu unaweza kuiondoa kwenye mawazo mapema, kwa kuwa mchana wa Oktoba au Novemba Dodoma hufika nyuzi 30 na zaidi kidogo, na ndani ya gari lililofungwa vioo joto hupita 40. Toa 20, utaona kwamba nyama yako imelala kwenye joto la chumba.

Karavani nyingi zilizotengenezwa Ulaya huja na friji ya aina ya pili, inayokubali gesi, umeme wa volti 230 na umeme wa volti 12. Ikiwa kwenye volti 12, friji hiyo hutumia wati 100 hadi 150, wakati mwingine zaidi, bila kupumzika, yaani ampea 8 hadi 13 mfululizo. Betri ya N70 (yenye uwezo wa ampea-saa 70 hivi, yaani ampea moja kwa saa 70), ambayo haipaswi kutumiwa chini ya nusu yake, itaihimili kwa muda wa saa tatu hivi. Ndiyo maana volti 12 kwa friji ya namna hii ni ya kutumia injini ikiwa inanguruma. Ukiegesha, hamia kwenye gesi, na ukianza safari funga mtungi, hasa kabla ya kuingia kituo cha mafuta, kwa sababu mwali ulio wazi ndani ya friji na mvuke wa petroli havikai pamoja. Hakikisha pia karavani imesimama sawasawa unapoegesha. Ikiinama sana, amonia huacha kuzunguka, friji inapata moto nyuma bila kupoza mbele, na ikiachwa hivyo kwa muda mrefu inaweza kuharibika moja kwa moja.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni friji ya kompresa. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini haijali mwinamo mdogo wala joto la Novemba, na matumizi yake yanahesabika. Chukua friji ya ukubwa wa kati inayotumia wati 45 kompresa inapofanya kazi. Kwenye volti 12 hizo ni ampea 3.75. Kompresa haifanyi kazi muda wote. Huwaka na kuzima kadiri joto la ndani linavyopanda na kushuka, na katika msimu wa joto wa Dodoma ni busara kukadiria kwamba itawaka nusu ya siku. Zidisha 3.75 kwa saa 12, upate ampea-saa 45 kwa usiku na mchana mmoja. Mwezi Julai, usiku unapokuwa wa baridi, kiasi hicho hupungua sana, lakini mpango upangwe kwa mwezi mgumu.

Ampea-saa hizo 45 zisitoke kwenye betri inayowashia gari. Betri ya kuwashia imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiikamua polepole usiku kucha, mara kadhaa tu, sahani zake huchoka, na asubuhi utakuwa unatafuta wa kukubusti mahali ambapo magari hupita mawili kwa saa. Weka betri ya pili. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ile inayouzwa madukani kama betri ya sola, hesabu nusu ya uwezo wake tu, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 (Ah 100) itakupa siku moja na kidogo. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule hutoa asilimia 80 hadi 90 bila kuumia, ni nyepesi, na hupokea chaji haraka. Bei ndiyo kikwazo.

Sasa tuje kwenye waya, kwa sababu friji nyingi zinazolaumiwa hazina kosa lolote. Friji ya kompresa huwa na kinga inayoizima volti zikishuka, na ikiwa kinga hiyo imewekwa kiwango cha juu, friji hujizima kwenye volti zipatazo 11.8. Kinga hiyo haipimi volti za betri. Hupima zile zinazofika kwenye friji. Tuseme betri iko mbele, friji iko nyuma, umbali ni mita 5, na waya uliotumika ni ule mwembamba wa soketi ya kiberiti, wa milimita za mraba 1.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 10, na kwa friji inayovuta ampea 6 hupotea takriban volti 0.7 njiani. Betri yenye nusu ya chaji husoma volti 12.2, toa 0.7, friji inapata 11.5 na inajizima, wakati betri ingali na umeme wa kutosha hadi asubuhi. Kwa waya wa milimita za mraba 6 upotevu huo hushuka hadi chini ya volti 0.2.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua mita, gusa ncha zake kwenye betri kompresa ikiwa inafanya kazi, kisha gusa kwenye plagi ya friji, ulinganishe. Tofauti ikizidi volti 0.4, tafuta waya mnene zaidi, au angalia viungo, hasa pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi iliyopakwa rangi. Soketi ya kiberiti yenyewe ni adui mwingine: mtikisiko wa barabara ya changarawe huilegeza, plagi inapata moto, na ukiichomoa utakuta plastiki yake imeanza kulainika. Iondoe, uweke plagi ya kufunga kwa skrubu au plagi kubwa ya ampea 50 kama zinazotumiwa na wenye matela. Ukifika kwa fundi umeme, mwambie mapema: “Fundi, naomba waya wa milimita za mraba 6, na hasi itoke kwenye betri yenyewe.” Huenda akakujibu, “Bosi, hii ya 2.5 inatosha kabisa.” Inatosha kwa taa. Usikubali. Fyuzi ya ampea 15 iwekwe karibu kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia waya usiungue, wala si kuilinda friji.

Betri ya pili inahitaji kuchajiwa gari linapotembea. Kwa Land Cruiser ya zamani yenye altaneta ya kawaida inayotoa volti 14 wakati wote, na betri ya risasi, rilei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha injini ikizima inatosha. Kwa magari mapya, ambayo kompyuta yake hushusha volti za altaneta ili kubana mafuta, na kwa betri yoyote ya lithiamu, nunua chaja inayopokea umeme wa altaneta na kuupandisha hadi kiwango kinachohitajiwa na betri. Bila chaja hiyo lithiamu inaweza kuvuta umeme mwingi kiasi cha kuichemsha altaneta. Chaja ya ampea 20 katika safari ya Dodoma hadi Singida, ambayo ni takriban kilomita 240 na huchukua saa tatu hadi nne, itarudisha ampea-saa zipatazo 60 kwenye lithiamu. Betri ya risasi itarudisha pungufu, kwa sababu ikishafika asilimia 80 hupokea chaji polepole mno. Waya wa chaja hiyo uwe wa milimita za mraba 16, wenye fyuzi kila upande, maana kila mwisho una betri.

Wanaogeuza Coaster kuwa gari la kambi wana jambo lao la kuangalia. Gari hilo mara nyingi ni la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana, na mafundi hupenda kuchukua volti 12 kwenye betri moja tu. Betri hiyo hupungua huku mwenzake akizidishiwa chaji, na baada ya muda zote mbili hufa. Friji nyingi za kompresa hukubali volti 24 moja kwa moja, tumia hizo.

Ukikaa mahali pamoja siku mbili au zaidi, kwa mfano Kolo ukitazama michoro ya miambani ya Kondoa, jua ndilo litakalokuhudumia, na kanda hii ina jua la kutosha. Kwa saa tano za jua kamili kwa siku, na robo ikipotea kwa joto, vumbi na kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli), paneli ya wati 150 hutoa takriban ampea-saa 45, kiasi kilekile ambacho friji yetu ya mfano inakula. Kati ya Desemba na Aprili, mawingu yanapotanda, tarajia nusu yake. Paneli iliyofungwa juu ya paa hukulazimisha kuegesha juani, jambo linaloongeza kazi ya friji. Napendelea paneli ya kubebeka, gari likae chini ya mgunga na paneli iwe wazi kwa waya mrefu. Kivuli cha tawi moja kikigusa paneli hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Vumbi lifutwe asubuhi kwa kitambaa chenye maji, kioo kikiwa bado cha baridi.

Pale penye umeme wa TANESCO, chomeka friji kwenye volti 230 usiku kucha kabla ya safari, ipoe kabisa ikiwa na vitu ndani, kwa kuwa kupoza kreti ya soda za moto kwa betri ni matumizi mabaya ya betri. Epuka kutumia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) kuendesha friji inayokubali volti 12; unapoteza umeme kuubadilisha na kuurudisha. Nyumba za wageni zenye umeme unaopanda na kushuka zinahitaji kifaa cha kulinda friji. Joto la ndani liwe nyuzi 4, nafasi tupu zijazwe chupa za maji yaliyogandishwa, na matundu ya hewa ya kompresa yasizibwe na mabegi. Hili la mabegi hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mizigo husogea njiani.

Safari ikiisha, zima friji, ifute ikauke, mlango uachwe wazi kidogo, kisha betri ya risasi ichajiwe hadi ijae ndani ya siku hiyo au kesho yake, kwani ikikaa nusu kwa wiki kadhaa sahani zake hujenga ukoko mgumu ambao chaja haiwezi kuuondoa.