Mlo wa Krismasi kwa Watu 30 Huku Nyanda za Juu: Anza kwa Kuhesabu Moto

Nimekuwa nikipika mlo wa Krismasi wa ukoo wetu hapa Uyole, Mbeya, kwa zaidi ya miaka 15, na wanaokaa mkekani na mezani huwa kati ya watu 25 na 35, kutegemea ni mashemeji wangapi wamepanda kutoka Kyela na ni wangapi wamepata nafasi kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Katika miaka yote hiyo sijaona sikukuu iliyoharibika kwa sababu chakula kilikuwa kidogo. Niliyoiona ikiharibika iliharibika kwa sababu sufuria zilikuwa sita na majiko yalikuwa mawili. Mwaka huo mvua ilianza saa tano asubuhi, mkaa tuliokuwa tumeuacha chini ya mparachichi ukalowa, maharage yakagoma kuiva, na wageni wakapakuliwa saa kumi na moja jioni. Bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye aliyetufanya tukusanyike, alikuwa amekwisha kulala. Tangu siku hiyo napanga moto kwanza, kisha ndipo napanga vyakula.

Hatua ya 1: Wiki moja kabla, andika kila mahali panapoweza kukaa sufuria

Chukua daftari uorodheshe majiko uliyonayo na ukubwa wa sufuria ambayo kila moja linaweza kubeba. Kwangu ni majiko mawili makubwa ya mkaa, mafiga ya kuni yaliyo uani chini ya bati, na jiko la gesi la pleti mbili ambalo halibebi sufuria kubwa na kwa hiyo hutumika kukaangia na kupashia tu. Hesabu hii ndiyo itakayokuambia upike vyakula vingapi. Ukiwa na moto mkubwa wa sehemu tatu, vyakula vitatu vizito vinatosha kabisa, na ukitaka cha nne, azima jiko kwa jirani mapema, kwa maana siku ya sikukuu naye atakuwa analihitaji.

Kwenye hesabu hiyo hiyo ongeza muda, na hapa ndipo wapishi wengi waliozoea kupika pwani hukwama. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100. Kuchochea moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishaanza kutokota, moto mkali huyakausha tu bila kuyaongezea joto. Maharage, kuku wa kienyeji na nyama yenye mifupa vitakaa jikoni muda mrefu kuliko unavyosoma kwenye maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa kwa watu wa Tanga au Dar es Salaam. Mwenye sufuria ya presha ameliepuka tatizo hili, kwani mvuke uliobanwa hupandisha joto la maji yaliyomo ndani.

Hatua ya 2: Siku tatu kabla, nunua visivyooza na uufunike mkaa

Kwa watu 30 mimi hununua mchele kilo 5, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 6, kuku wa kienyeji watano, maharage kilo 2, mkungu mmoja mkubwa wa ndizi mbalaga, vitunguu maji kilo 4, nyanya kilo 3, na soda kreti mbili. Mchele uwe wa Kyela ukiweza, kwa sababu harufu yake peke yake ni nusu ya sherehe, lakini muulize muuzaji wa soko la Mwanjelwa kama ni wa msimu huu au wa zamani, maana mchele mpya hunywa maji machache. Usiridhike na jibu lake: pika kikombe kimoja nyumbani na uandike kiasi cha maji kilichokifaa. Jaribio hilo la nusu saa limeniokoa mara nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu. Mkaa na kuni viingizwe ndani ya stoo na kuwekwa juu ya mbao, visigusane na sakafu.

Hatua ya 3: Tarehe 24, ivisha kila kinachochukua muda

Usiku wa tarehe 23 roweka maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, na uyateleke kwenye mafiga. Yaache yatokote kwa nguvu kwa nusu saa ya kwanza, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yakiliwa mabichi mabichi huumiza tumbo, kisha punguza moto na uwe na subira; kwangu huchukua hadi saa mbili na nusu. Nyanya na ndimu visiguse sufuria hiyo kabla maharage hayajalainika, kwa kuwa uchachu huyafanya yabaki magumu. Usijaribu moja tu: chota matano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, uyabonyeze kati ya ulimi na kaakaa, na kama hata moja lina kiini kigumu, rudisha mfuniko.

Mchana chemsha kuku kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na kwenye jiko la pili chemsha nyama yote. Nyama hiyo itenge: kilo 3 kwa ajili ya pilau, pamoja na supu yake, na kilo 3 kwa ajili ya ndizi. Vikipoa, viingie kwenye friji. Baridi ya Mbeya isikudanganye ukaacha nyama mezani hadi asubuhi, kwani usiku wa Desemba haufikii baridi ya friji. Asiye na friji anunue nyama asubuhi ya sikukuu na aiteleke saa kumi na moja alfajiri. Ni usumbufu, lakini ndiyo njia salama.

Jioni koroga togwa. Pika uji mwepesi wa mahindi, uache upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, changanya unga wa kimea cha ulezi, kisha ufunike. Kwenye baridi hii togwa huchelewa kukolea, kwa hiyo mimi hulizungushia dumu blanketi kuukuu na kuliweka karibu na jiko lililozimwa.

Hatua ya 4: Siku yenyewe, panga saa kwa kurudi nyuma

Sisi hula saa nane mchana, baada ya ibada. Kutoka hapo narudi nyuma: pilau iepuliwe saa saba na nusu, kwa hiyo vitunguu viingie kwenye mafuta saa sita, ndizi zitelekwe saa tano na nusu, kuku wakaangwe kuanzia saa saba, maharage yaungwe na kupashwa mwisho kabisa. Andika saa hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani, ili hata wifi au binamu aliyekupokea mwiko ajue kinachofuata. Panga pia nani atakwenda ibada ya kwanza na nani ya pili, maana moto hauachwi peke yake.

Pilau igawe kwenye sufuria mbili za kilo 2 na nusu. Sufuria moja ya kilo 5 huiva pembeni ikiwa mbichi katikati. Katika kila sufuria kaanga vitunguu robo tatu ya kilo kwenye robo lita ya mafuta, na hapo usiondoke. Kwanza vitalainika na kutoa maji, kisha sauti ya mafuta itabadilika kutoka kuguna hadi kutatarika kwa wepesi, na rangi itaanza kugeuka kwenye kingo. Vikifikia rangi ya asali iliyokolea, tia mara moja kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kwa sababu ukisubiri dakika mbili zaidi vitakuwa vyeusi na pilau yote itakuwa chungu. Tia nyama, kisha supu kwa kipimo ulichokiandika. Kwa mchele wa Kyela uliorowekwa, kwangu ni kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Onja supu kabla ya kutia mchele, na iwe na chumvi kidogo kuzidi unavyopenda. Supu ikikaribia kukauka, geuza mara moja tu, funika, punguza moto wa chini na upalie makaa juu ya mfuniko kwa dakika 25.

Ndizi mbalaga zimenywe na mwenye mikono iliyopakwa mafuta, kwa sababu utomvu wake haubanduki kirahisi, na zitumbukizwe kwenye maji zisiwe nyeusi. Zipikwe na nyama na supu yake hadi ziive, kisha ziongezwe maziwa lita moja kwenye moto mdogo sana. Mimi sitii nyanya katika sufuria hii, kwa kuwa maziwa hukatika.

Kachumbari ikatwe saa saba na nusu, na parachichi likatwe la mwisho na kukamuliwa ndimu.

Mvua ikinyesha, jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, hata kwa ajili ya kuwapasha joto wazee. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua. Bati la uani linatosha, hata ikibidi mpike mkiwa mmevaa makoti.

Hatua ya 5: Kupakua na kilichobaki

Wazee wapakuliwe kwanza, wakiwa wameketi, kabla watoto hawajapanga foleni. Pilau iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kuna vijidudu vya wali vinavyoacha sumu ambayo hata kupasha hakuiondoi. Itandaze kwenye sinia ipoe upesi, wafungie wageni wa karibu waondoke nayo mapema, na inayobaki iingie kwenye friji. Maharage na ndizi nazo zihifadhiwe humo humo, na asubuhi ya tarehe 26 zipashwe hadi zitokote.