Anza na kalenda: ninavyowafundisha viongozi wa tawi sheria ya kazi

Kitu cha kwanza ninachobandika ukutani siku ya mafunzo ni kalenda. Ni ile kubwa ya Kariakoo, mwezi mmoja ukurasa mmoja, yenye tarakimu zinazosomeka hata ukikaa nyuma. Sheria yenyewe hubaki kwenye mfuko wangu mpaka saa tano.

Nina sababu. Nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, mwanachama wetu, fundi mtambo wa shifti ya usiku, alipewa barua ya kuachishwa kazi. Meneja akamwambia kwa mdomo, "Tulia kwanza, suala lako tunaliangalia." Akatulia. Na mimi nikatulia, maana meneja yule tulikuwa tunasalimiana vizuri na niliona aibu kumwendea na karatasi. Siku ya 41 ndipo tulipopanda daladala kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayosikiliza migogoro ya kazi. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa ufikishwe pale ndani ya siku 30. Ukipitiliza, unaanza kwa kuomba uongezewe muda na kueleza sababu ya maana ya kuchelewa. "Meneja alituahidi" haikuwa sababu ya maana. Fundi yule alikuwa na hoja nzuri sana, na hakuna aliyezisikiliza. Nikikutana naye Buguruni sokoni, mpaka leo mimi ndiye ninayewahi kumwamkia, ingawa nimemzidi umri.

Kwa hiyo kama umepewa kazi ya kufundisha wawakilishi wa tawi, au wewe ni afisa utumishi unayetaka watu wako waache kukuletea kesi mbovu, hivi ndivyo ninavyofanya mimi. Siku mbili zinatosha, Ijumaa na Jumamosi, watu 20 hadi 25. Wakizidi hapo inakuwa mkutano wa hadhara.

Kabla ya yote, ruhusa. Barua ya kuwaombea wawakilishi ruhusa itoke ofisi ya chama, isiandikwe na mwakilishi mwenyewe, na ifike kwa mwajiri mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inampa mwakilishi muda wa kuridhisha wenye malipo kwa ajili ya kazi zake za uwakilishi, na inatambua ruhusa ya shughuli za chama. Neno lenyewe ni "kuridhisha", kwa hiyo msiende kugombana, nendeni mkakubaliane tarehe. Anayetoka shifti ya usiku usimwandikishe siku ileile. Nimewahi kufundisha watu wanne waliolala wameegemea ukuta, mmoja akikoroma, na sikuwa na moyo wa kuwaamsha.

Suala la nauli lijadiliwe kabla, na kiasi kijulikane. Usipolisema wewe asubuhi litasemwa na mtu mwingine katikati ya somo. Umeme nao usiutegemee. Nimeacha kutumia projekta, natumia karatasi za manila na kalamu nene. Chai saa nne, na vitumbua vitoshe.

Nikishabandika kalenda nawapa zoezi moja kabla hata ya kujitambulisha. "Barua ya kuachishwa kazi umeipokea leo. Njoo uzungushie siku ya mwisho ya kwenda CMA." Anakuja mmoja, anazungushia. Anakuja mwingine, anazungushia siku nyingine. Wanaanza kubishana kama siku ya kwanza inahesabiwa, kama Jumapili imo. Nawaacha wabishane dakika kumi, halafu nachukua kalamu nyekundu na kuzungushia siku ya 20. Nawaambia: hiyo ndiyo siku yako ya mwisho. Zinazobaki ni za mvua, foleni ya Tazara na mwanachama asiyepokea simu. Madai mengine, kwa mfano mishahara isiyolipwa, yana siku 60, lakini mimi kwa wanaoanza sifundishi tofauti hiyo mpaka mchana. Kwanza waogope 30.

Baada ya hapo ndipo natoa vitabu vya sheria, na siwakaririshi namba za vifungu. Namba hubadilika sheria inapofanyiwa urekebu, yaani inapopangwa na kuchapishwa upya, na sheria yenyewe inarekebishwa. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyogusa hata likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Mwakilishi aliyekariri namba ya zamani akaitamka mbele ya mwanasheria wa kampuni, ameumbuka. Nataka ajue jambo liko sheria gani na alitafute kwa kidole. Ajira, kuachisha kazi, vyama na migomo viko kwenye ile Na. 6. CMA yenyewe, Mahakama ya Kazi na bodi za mishahara viko kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huohuo. Namna kikao cha nidhamu kinavyotakiwa kuendeshwa iko kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, na hicho ndicho kijitabu kitakachochakaa mikononi mwao. Tena wakumbushe mkataba wao wa hali bora, yale makubaliano ya chama na mwajiri. Utashangaa ni viongozi wangapi wa tawi hawajawahi kuushika. Mkataba ule unawafunga pande zote, na mara nyingi unatoa zaidi ya sheria.

Mchana wa Ijumaa wote nautoa kwa barua moja. Niliiunda mwenyewe kutokana na barua nyingi nilizowahi kuona, nikatoa nakala kila mtu na yake:

"Unatuhumiwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu na upotevu wa mali ya kampuni. Unatakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu saa 3:00 asubuhi. Usipofika, uamuzi utatolewa bila wewe."

Imepokelewa Ijumaa saa kumi jioni. Naandika saa hiyo pembeni kwa mkono, kama mlinzi wa getini anavyoandika. Kisha nauliza: mwanachama amekuletea hii, unafanya nini?

Darasa zima hupiga kelele jibu moja, "Saa 48 hazijatimia!" Nami hungojea hapo hapo. Haya, tuhesabu. Ijumaa saa kumi jioni mpaka Jumamosi saa kumi, 24. Mpaka Jumapili saa kumi, 48. Mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi ongeza 17. Ni saa 65. Ukisimama kwenye kikao ukasema saa 48 hazijatimia, mwenyekiti atahesabu kwa vidole mbele yako, na kuanzia hapo kila utakalosema litaonekana la mlalamishi tu. Kanuni zinataka muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Hoja ipo kwenye "wa kutosha": siku mbili za mwisho wa wiki, ofisi imefungwa, mashahidi hawapo kazini, daftari la stoo halionekani. Hiyo inajengeka. Omba kwa maandishi kikao kisogezwe, taja sababu, na taja tarehe uliyo tayari, usiombe kuahirishwa hewani.

Halafu tunarudi kwenye maneno yenyewe. Mali gani? Kiasi gani? Siku gani, shifti gani? Nani aliyeona? Mtu hawezi kujitetea dhidi ya neno "upotevu". Tuhuma zinatakiwa ziwe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Wako waliopewa barua ya Kiingereza cha mawakili wakaisaini kwa sababu waliambiwa "saini hapa". Kusaini kuwa umepokea si kosa, lakini andika "nimepokea", tarehe na saa. Mwisho, barua haijasema kwamba mtuhumiwa ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Wachache sana huliona hilo bila kuambiwa, na ndilo linalowahusu wao wenyewe.

Jumamosi asubuhi tunaigiza kikao. Kesi ni mabeseni 14 yaliyopungua stoo usiku wa Jumatano. Hapa nina sharti moja: wawakilishi wakali zaidi wanakaa upande wa menejimenti. Mtu aliyezoea kupayuka "tunaonewa" akipewa kazi ya kuthibitisha kosa, anagundua ugumu wake haraka. Kwa sheria mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachisha kazi kulikuwa halali uko kwa mwajiri, na lazima athibitishe mawili: sababu ya kweli na ya haki, na utaratibu wa haki. Basi mwache authibitishe. Mwakilishi mzuri kwenye kikao huuliza maswali mafupi na kunyamaza.

Dada mmoja wa kiwanda cha nguo, mpole hivi kwamba siku ya kwanza nilidhani hakuelewa kitu, alimuuliza "supavaiza" wetu wa kuigiza maswali manne tu. Mabeseni yalihesabiwa saa ngapi? Na nani? Kabla ya hapo yalihesabiwa lini? Supavaiza akajibu, Jumatatu. Akauliza la nne: kati ya Jumatatu na Jumatano ni watu wangapi waliingia stoo? Chumba kizima kikasema "eeeh!" Akakaa. Tangu siku hiyo naanza zoezi kwa kuwapa nafasi waliokaa nyuma, na hasa wanawake. Sehemu yenye wanachama zaidi ya 100 sheria inataka wawakilishi 15, na angalau watano wawe wa kuwawakilisha wanawake, lakini matawi mengine yanawaweka kwenye orodha na kuwaachia kazi ya chai.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuigiza ni haya, na yaandike manila. Mwenyekiti wa kikao asiwe amehusika na tukio lenyewe. Kwenye igizo langu namweka makusudi meneja aliyefanya uchunguzi ndiye aongoze, nione nani atasimama kupinga. Mtuhumiwa apewe nafasi ya kuhoji mashahidi na kuleta wake. Akishakutwa na kosa, kikao hakijaisha: hapo ndipo unaeleza miaka yake ya kazi, rekodi yake safi, na kwamba fulani na fulani walifanya hivyohivyo mwaka jana wakapewa onyo. Wawakilishi wengi hukata tamaa kwenye neno "amekutwa na kosa" na kufunga daftari, wakati hapo ndipo ajira nyingi zinaokolewa. Na andika muhtasari wako mwenyewe. Usingoje wa kampuni.

Afisa utumishi nawaalika mchana wa Jumamosi, wawili au watatu kutoka kampuni tofauti. Mwanzoni wenzangu hawakupenda. Mimi naona faida: mmoja aliwahi kukiri mbele ya wote kwamba alikuwa haruhusu mashahidi wa mtuhumiwa "ili kuokoa muda", na akajihesabia mwenyewe kesi alizoshindwa kwa sababu hiyo. Hakuna hotuba yangu ingefanya hivyo.

Hesabu za mafao nazipitisha haraka, ila kiinua mgongo, yaani malipo ya anayeachishwa kazi, nakihesabu ubaoni kwa sababu kila mtu ana hesabu yake ya kijiweni. Mshahara wa msingi 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki: gawa kwa 26, unapata 15,000 kwa siku. Sheria inatoa mshahara wa siku saba, yaani 105,000, kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka minane na miezi mitano? Minane. 840,000. Miaka 13? Sheria inakomea 10, kwa hiyo 1,050,000, isipokuwa mkataba wenu wa hali bora unasema zaidi. Ambaye hajatimiza miezi 12 hapati, wala aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Na mgeni kazini, chini ya miezi sita, ile kinga ya kuachishwa isivyo haki haimhusu. Hili waambie kabla hawajamwahidi mtu wa watu.

Zoezi la mwisho ni Fomu Namba 1 ya CMA, ile ya kufungulia mgogoro. Wanaijaza kwa ajili ya yule mtu wa mabeseni, kila mmoja peke yake, nami nazunguka. Nakagua vitu viwili: tarehe mgogoro ulipoanza, na sehemu ya nafuu anayoomba, kurudishwa kazini au fidia. Watu huandika "haki yangu" hapo. Andika unachotaka.

Fomu ikishajazwa, nakala lazima imfikie mwajiri, na uwe na ushahidi kwamba imemfikia. Basi nasimama mlangoni mwa ukumbi na kofia ya mlinzi, nawaambia waje wamoja wamoja na fomu zao. "Bosi hayupo." Wote hucheka, maana kila mmoja ameshasimama kwenye geti hilo. Anayegeuka na kuondoka namrudisha kwenye foleni. Anayepita ni yule aliyekuja na mwenzake, akaniomba mhuri, nikakataa, akaandika nyuma ya nakala yake jina nililomtajia, tarehe, saa 8:20 mchana, na yule mwenzake akasaini pembeni.