Kabla hujachimba mtaro kwenye kinamasi, toa tope uliangalie kwanza

Kaskazi ikikaza, Januari mpaka Machi hivi, vinamasi vya bara huku kwetu Lamu, kuanzia Witu na Mpeketoni mpaka Hindi na Mkunumbi, vinapungua maji na watu wanaanza kuvitamani. Udongo mweusi tii, mlaini, nyasi bado kijani, na shamba la juu ni mchanga mtupu mahindi yashanyauka, sasa mtu anasema si mbolea yenyewe hii, nichimbe mtaro maji yatoke nipande. Nawaelewa kabisa, ukame wa hapa tunaujua wote. Lakini naomba sana jembe lisiingie kabla hujajua ni udongo gani huo, manake ukishaukausha kuurudisha ni kazi ya umri wa mtu na zaidi.

Weusi ule ni majani, mizizi na magogo yaliyoangukia kwenye maji yaliyotuama. Chini mle oksijeni haifiki, vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi yao sawasawa, basi vitu vinabaki nusu vimeoza nusu vizima, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka. Tabaka likiwa nene ndo wataalamu wanauita udongo wa piti. Kule bonde la Kongo, mwaka 2017 wanasayansi wa Kongo na Uingereza walitoa ramani ya piti iliyo chini ya msitu wa kinamasi: kilomita za mraba 145,500, yaani kama robo ya Kenya nzima, na kaboni (ile inayopanda hewani na kuzidisha joto duniani udongo ukikauka ukaoza au kuungua) inayokadiriwa kufika tani bilioni 30, na imeanza kujengeka miaka kama 10,000 iliyopita. Miti ilikuwa ikionekana siku zote, lakini ukubwa wa kilichoko chini haukujulikana mpaka watu walipoingia majini na vyuma vya kutobolea wakalitoa tope wakalipima, na sasa anayetaka kuutetea msitu ule ana hesabu mkononi.

Sisemi hapa tuna piti ya kina kile. Tulicho nacho ni vinamasi vidogo vya maji matamu vyenye mikindu na matete pembeni, halafu mikoko, na Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwenye mikoko kaboni nyingi imelala kwenye tope, kwenye miti ni kidogo kulinganisha, kwa hiyo anayelifukua tope anaharibu zaidi hata ya anayekata boriti.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta paipu ya PVC ya inchi 2, urefu mita moja na nusu hivi, ncha moja ichonge kwa msumeno iwe kali. Isukume chini pole pole huku unaizungusha, ziba juu kwa kiganja, vuta. Tandika gunia, toa tope kwa kijiti ulipange vile lilivokuwa ardhini, la juu juu na la chini chini, weka rula kando upige picha. Chukua donge kama yai ulikamue kwa ngumi. Maji yakitoka ya kahawia na mkononi ukabakiwa na nyuzi za mizizi na vijiti ambavyo bado unavitambua, hiyo ni piti changa. Likipenya lote kwenye vidole usibakiwe na kitu, limeoza mpaka mwisho. Na likiwa linanata, la kijivu, linakubali kufinyangwa, huo ni mfinyanzi wenye mboji kidogo tu, mambo yake mengine.

Halafu pima uzito. Jaza mkebe wa lita moja bila kushindilia, anika mpaka uzito usipungue tena, peleka kwa mizani ya duka. Lita ya mchanga wetu mkavu inapita kilo moja, lakini piti ikikauka lita nzima inaweza kuwa gramu 100 au 200 tu. Kipande kingine kikavu kiweke kwenye makaa ya seredani, piti inafuka moshi na kuliwa taratibu mpaka linabaki jivu kidogo. Hapo ndo utajua kwa nini tunapiga kelele watu wasichome nyasi kinamasini wakati wa kaskazi, moto unaingia chini, juu unaona umezimika na kumbe unatembea ardhini wiki nzima. Indonesia mwaka 1996 walianza mradi wa kugeuza vinamasi vya piti vya Kalimantan kuwa mashamba ya mpunga, hekta kama milioni moja, wakachimba mitaro maelfu ya kilomita, mpunga haukustawi, na mwaka uliofuata moto ukaingia kwenye piti iliyokauka.

Hata bila moto udongo unashuka. Maji yaliyokuwa yameubeba yametoka, hewa imeingia, unaanza kuoza kwa kasi, shamba linabonyea kama godoro la sufi lililochoka, na likishashuka maji ya mvua yanarudi kutuama palepale ulipoyafukuza. Uingereza, pahala panaitwa Holme Fen, walizamisha nguzo ya chuma katikati ya karne ya 19 kichwa chake kikawa sawa na ardhi, leo nguzo imesimama nje kama mita 4. Wewe unaweza kupigilia chuma cha nondo mpaka kifike kwenye mchanga mgumu, paka rangi usawa wa ardhi, angalia kila mwaka.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa wenye mashamba yanayopakana na mikoko ni asidi. Ukivuta tope likanuka yai viza, simama hapo hapo. Tope la namna hiyo lina madini ya chuma na salfa, na yakiwa chini ya maji hayana shida na mtu, lakini mtaro ukiingiza hewa yanageuka kuwa asidi ya salfa. Utaona madoa ya manjano kwenye njia za mizizi, maji ya mtaroni yanakuwa maangavu ajabu na ute wa rangi ya kutu pembeni, samaki wanakufa, na chumvi juu yake. Casamance kule Senegal mashamba mengi ya mpunga yalipotea hivi hivi baada ya ukame wa miaka ya 1970 na 1980. Usidanganyike kwamba utamwaga chokaa yaishe, inatakiwa tani nyingi sana kwa hekta. Kupima ni rahisi: weka tope kwenye mkebe wa plastiki, funika bila kukaza, liwe na unyevu tu miezi miwili mpaka minne, upime pH (kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi imezidi) mwanzo na mwisho. Ikianguka mpaka 4 au chini ya hapo, pahala hapo pasiguswe.

Mikoko yenyewe ni msitu wa serikali tangu 1932 na kukausha ardhi oevu kunahitaji ruhusa ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, hilo mnalijua.

Kinamasi cha maji matamu si lazima kikae bure. Majimbi na mpunga vinapenda maji, viweke ukingoni bila mtaro, na mikindu iacheni, akina mama wanaosuka mikeka wanajua thamani yake. Mahindi na simsim vibaki mchanga wa juu na samadi.

Na kama mtaro ushachimbwa, uzibeni kabla masika hayajaingia. Pigilia miti safu mbili, katikati shindilia mifuko ya udongo, na msiweke kizuizi kimoja kikubwa, wekeni vidogo kadhaa kufuata mteremko, manake kimoja kikipasuka maji yanaondoka yote. Kando zamisha paipu iliyotobolewa matundu, kila wiki teremsha kijiti usome maji yako wapi. Indonesia kanuni yao ni yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa udongo, na mimi ningependa yawe juu zaidi ya hapo. Andikeni vipimo daftarini na tarehe, na tope mnalotaka lipimwe vizuri lileteni ofisi ya kilimo likiwa bichi, kila kina na mkebe wake.