Kifungua mimba aliye pia kitinda mimba: namna ya kuipokea habari kwamba hutazaa tena

Binti yangu ni kifungua mimba wangu na ndiye kitinda mimba wangu, na miaka mitatu ilipita kabla sijaweza kuyatamka majina hayo mawili juu ya mtoto mmoja bila sauti kunikauka. Alikuwa na miaka minne nilipobeba mimba ya pili. Uchungu ulinianza usiku, nikafika hospitali nikiwa nimechelewa, kizazi kikapasuka kwenye kovu la upasuaji wa kwanza, mtoto akafia tumboni, na madaktari wakalazimika kukitoa kizazi chenyewe ili damu isiendelee kumwagika. Nawaandikia wenzangu ambao tayari wana mtoto na wameelezwa kwamba hawatapata mwingine, iwe kizazi kimetolewa, mirija imeziba, mbegu za mume hazitoshi, au maradhi ya moyo au ya figo yamemfanya daktari awakataze kubeba mimba tena. Watu hawa hupewa pole chache kuliko wengine, kwa sababu kila wanapotaka kulia huambiwa, "Si unaye mmoja?" Nao hapa Tanzania wanaishi katika nchi ambayo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mmoja haipiti mwezi bila kuulizwa mdogo wake yuko wapi.

Pata kwanza jibu la hakika

Moyo hauwezi kulikubali jambo ambalo bado halijajulikana. Nimewaona wanawake waliolia miaka kwa ajili ya ugumba ambao hawajawahi kuupima, na wengine walioendelea kutumaini miaka hiyo hiyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza wazi kilichofanyika siku ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba kuanzia pale mimba inapokosa kuingia baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na hesabu hiyo humhusu pia aliyekwisha kuzaa. Mwanamke aliyepita miaka 35 hushauriwa asingoje mwaka mzima, bali aende baada ya miezi sita. Mume apimwe pia, tena mapema, kwa kuwa kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi kuliko vipimo vyote anavyopitia mwanamke, na kuwa na mtoto wa kwanza hakuthibitishi kwamba mbegu zake leo ni zilezile za miaka sita iliyopita.

Ukiwa umefanyiwa upasuaji, rudi kwa daktari ukiwa na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi: nini kilitolewa, nini kilibaki, na kwa sababu gani. Mimi nilikwenda miezi miwili baadaye nikiwa na dada yangu, kwa sababu nilijua nitasikia nusu tu ya maneno. Ndipo nilipofahamu kwamba vifuko vya mayai viliachwa, kwamba sitapata hedhi tena lakini sijaingia katika ukomo wa hedhi, na kwamba ndiyo maana matiti yalikuwa bado yakiniuma kila mwezi kama mtu anayengoja siku zake. Maumivu hayo yalikuwa yakinidanganya kila mara. Baada ya kuelezwa yanatoka wapi, yaliendelea kuniuma, lakini hayakunidanganya tena.

Kwa wale ambao mlango haujafungwa kabisa, wekeni mpaka wa kutafuta, mkiwa mmeketi pamoja na mkiwa na akili tulivu: mtajaribu matibabu yapi, kwa fedha kiasi gani, hadi lini. Bila mpaka huo, shamba litauzwa, ada ya shule ya mtoto aliyepo italiwa, na bado kila mtu atakuwa na mtaalamu mmoja zaidi wa kuwatajia. Nasisitiza hapa jambo moja kwa uchungu: vidonge na vifurushi vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha kizazi, vile vya kuingiza ukeni, haviwezi kuzibua mirija, na vinaweza kukuachia maambukizi na vidonda. Mwanamke aliyekata tamaa ndiye mteja wanayemtafuta.

Huu ni msiba, uwekee matanga

Anapokufa mtu mzima, sisi tunajua la kufanya. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, majirani huja na unga na mchele, na aliyefiwa hana kazi ila kukaa na kulia. Mtoto ambaye hatazaliwa hana turubai. Hata mtoto wangu, aliyekuwa ametimia na aliyezikwa, alizikwa na wanaume wachache asubuhi wakati mimi nikiwa bado nimelazwa, na niliporudi nyumbani nilikuta nyumba imefagiwa na kila kitu chake kimeondolewa machoni, kwa nia njema kabisa, kana kwamba hakupata kuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa katika maandishi haya ni huu: mpange siku, na siku hiyo muomboleze kwa makusudi. Chagueni watu wawili au watatu ambao hawatawaambia "Mungu atawapa mwingine", tandikeni mkeka, msomewe dua au mfanye sala kwa desturi ya imani yenu, na mtaje waziwazi kinacholiliwa. Aliyepoteza mtoto amtaje mtoto. Aliyekosa tu kushika mimba alitaje lile jina alilokuwa amelitunza, kwa maana wengi tunalo jina tuliloliweka kwa ajili ya mama mkwe au marehemu babu, na jina hilo nalo linahitaji kuagwa. Sisi tulifanya hivyo alasiri moja ya Jumapili, miezi mitano baadaye. Mume wangu alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Nguo zisiondolewe haraka, wala zisikae milele

Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa kipande cha kanga, nao ulikaa huko miaka miwili. Siku nilipoushusha, harufu ya naftalini ilinijia kabla sijaufungua. Ndani mlikuwa na sweta la manjano lililofumwa na mama, lenye vifungo vitatu na pengo la cha nne, soksi zilizokuwa ndogo kuliko kidole changu gumba, na kanga mbili zilizolainika kwa kufuliwa ambazo binti yangu alifungiwa. Usiufungue mfuko kama huo ukiwa peke yako, wala usifungue wakati wa usiku. Chagua kitu kimoja cha kubaki nacho. Mimi nilichagua sweta. Vingine mpe mtu mwenye haja ambaye hutalazimika kumwona kila siku, maana kuiona nguo ileile kwenye mgongo wa jirani kila asubuhi ni mtihani usiostahili kujitakia. Beseni la kuogeshea nililiacha nyumbani, na sasa linaloweka maharage.

Mume na mke hawalii kwa saa moja

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Elkana anamwona Hana akilia kwa kukosa mtoto, naye anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Nampenda Elkana kwa kumpenda mkewe, lakini swali lake ni la mtu anayetaka kilio kiishe upesi, na nyumba nyingi zimevunjika juu ya swali la namna hiyo. Mume wangu alinyamaza miezi mitano, akachelewa kurudi, akajishughulisha na kuezeka banda ambalo halikuwa na haraka yoyote. Nilidhani hajali. Nilipomwuliza, alijibu, "Mama, nilikuwa nangoja uanze wewe, niliogopa nikilia utaona nakulaumu." Ulizaneni mapema, na mkubaliane kwamba mmoja anaweza kucheka siku ambayo mwenzake hawezi kuamka kitandani.

Hapa ndipo yanapokuja maneno ya ukoo, na hasa shauri la mume kuongeza mke au kutafuta mtoto nje. Msisubiri maneno hayo yafike. Mwenye ukoo ndiye aseme na ukoo wake: mume azungumze na mama yake na wajomba zake, mke azungumze na wa kwao, wala asiachwe mwanamke kujitetea mbele ya wakwe kwa habari ya mwili wake. Mume wangu alimweleza mama yake kwa sentensi mbili, kwamba kizazi kilitolewa ili mkewe aishi, na kwamba yeye alikuwa radhi kwa uamuzi huo. Mama mkwe hakulitaja jambo hilo tena mbele yangu. Kama tatizo liko kwa mume, ukweli huo usifichwe nyuma ya mgongo wa mke, ingawa najua jambo hili ni gumu sana kwa wanaume wetu.

Tayarisha majibu kabla hujatoka nyumbani

Anayekuuliza kwenye daladala au harusini hana haki ya kujua habari za hospitali. Mwambie, "Tumejaliwa mmoja, tunamshukuru Mungu," kisha umwulize wewe habari zake. Ndugu wa karibu anayerudia swali anahitaji jibu jingine, nalo hutolewa kwa adabu, faraghani, mara moja. Shangazi yake mume wangu alikuwa akinishika tumbo kila tulipokutana. Siku moja nilimwamkia shikamoo, nikamketisha jikoni, nikamwambia, "Shangazi, mimi sina tena kizazi, kilitolewa siku aliyokufa mtoto. Nakuomba usiniulize mbele ya watu." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba naye alizika wawili ambao hakuna anayewataja. Sikuwa nikijua.

Kuhusu sherehe za watoto wa wenzako, una ruhusa ya kutokwenda kwenye arobaini. Tuma zawadi na salamu mapema, kisha mtembelee mzazi siku ya kawaida, wakati nyumba ni kimya, ukae dakika 20 na uondoke. Kutokwenda kabisa hugeuka kuwa uhasama, na wapo wanaoanza kumwogopa mwanamke wa namna hiyo kana kwamba ana husuda.

Wanaokufariji kwa kisa cha Hana au cha Sara husahau kwamba visa hivyo viwili huishia kwa mtoto kupatikana. Mimi nilitulia zaidi kwa aya za 49 na 50 za Sura Ash-Shura, ambazo zinataja wanaopewa mabinti, wanaopewa wana, wanaopewa wote, na wanaofanywa kuwa tasa, vyote kwa pamoja, bila kumwita yeyote kati yao aliyeadhibiwa.

Ikiwa wiki mbili au zaidi zinapita huli, hulali, hukitaki chochote ulichokuwa ukikipenda, au unawaza kufa, hiyo si huzuni ya kawaida tena. Inaweza kuwa sonona, nayo hutibiwa. Mweleze mtu leo, na uende hospitali.

Kulea mtoto wa mwingine

Msikimbilie kulea ili kuziba pengo, kwa sababu mtoto aliyeletwa kuziba pengo hulinganishwa kila siku na yule ambaye hakuja. Mkishatulia, njia zipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa muda bila yeye kuwa wako kisheria, na kuasili, yaani kumfanya awe mtoto wako kisheria; mnaanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na mwombaji asiye ndugu wa mtoto anatakiwa awe na umri wa angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Kwa Waislamu, kumlea yatima ni ibada kubwa, ila mtoto hubaki na jina la baba yake, kama inavyoamriwa katika Sura Al-Ahzab aya ya 5.

Mtoto uliye naye

Yeye pia anangoja. Binti yangu alikuwa ameahidiwa mdogo wake, akaona tumbo likikua, kisha akaona limeisha na hakuna mtoto. Watoto wa umri ule hujilaumu kimyakimya, na wangu alikuja kuniambia kwamba siku moja alikasirika na kusema hataki mtoto mwingine nyumbani. Mweleze kwa maneno anayoyaweza: mdogo wako alikufa, tumbo la mama liliumia na halitabeba mtoto tena, na si kosa lako wala la mtu yeyote. Mwambie mapema, kabla hajaambiwa na wenzake. Usimfunge ndani kwa hofu ya kumpoteza, wala usimtake awe furaha yako yote, kwa kuwa huo ni mzigo ambao hata mtu mzima hawezi kuubeba.

Halafu mpe ndugu. Undugu wetu umeliandaa jambo hili zamani: watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wa baba mkubwa na baba mdogo, si binamu zake, ni ndugu zake. Tulianza kupokezana watoto na mdogo wangu kila likizo, walale chumba kimoja, wagombane, wagawane kazi, waadhibiwe pamoja. Mwaka jana mwalimu aliwaagiza waandike majina ya ndugu zao kwenye daftari. Binti yangu aliandika majina matano. Manne yalikuwa ya watoto wa mdogo wangu na wa kaka yake mume wangu, na la tano, mwishoni, kwa mwandiko uleule, lilikuwa la mdogo wake aliyezikwa. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema pembeni. Nililifunga daftari, nikalirudisha kwenye begi.